Bi Shamim na brashi za mkia wa kindi

Saa tatu asubuhi, kwenye kibaraza kilicho nyuma ya msikiti katika mji mkongwe wa Lahore, Shamim Akhtar ameinamia rundo la nywele za mkia wa kindi. Haziangalii. Anaokota unywele mmoja mmoja, anaupitisha juu ya mdomo wa chini, na usio na ncha anautupa.

"Jicho linadanganya," anasema. "Mdomo haujanidanganya hata siku moja."

Ukweli ni kwamba jicho lenyewe linamuaga. Presha ya macho imeshalipofusha la kulia, na daktari amemwambia la kushoto halitavuka majira ya baridi. Bi Shamim ana miaka hamsini na minane.

Kwa miaka thelathini na mmoja ametengeneza brashi za wanafunzi wa uchoraji wa jadi wa picha ndogo, zile picha ambamo ndevu za mfalme huchorwa unywele baada ya unywele. Ufundi huo alifundishwa na marehemu mumewe, Ghafoor. Kindi hunaswa darini kwa kipande cha mkate, hupunguzwa nywele chache mkiani, kisha huachiwa aende zake. Nywele hufungwa uzi na kuvutwa ndani ya bomba la unyoya wa njiwa lililolowekwa likalainika. Siku njema hutoa brashi tatu, kila moja rupia mia sita. Za nailoni sokoni ni sitini, na wanunuzi si wajinga.

Mbele yake ameketi Areeba, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha sanaa, aliyeleta brashi yake ya kwanza. Si ndugu yake, ila kwa heshima humwita Mama Mdogo. Bi Shamim anaigusisha mdomoni.

"Umeikata kwa mkasi."

"Zilikuwa zimepishana, Mama Mdogo. Nilitaka zilingane."

"Basi umetengeneza ufagio. Nenda kafagie."

Areeba anacheka, kisha anaona Bi Shamim hacheki. Kosa hilo hulifanya karibu kila mwanafunzi. Unywele una ncha moja tu, ile uliyoota nayo, na ikikatwa hairudi. Nywele husawazishwa kwa kugongwagongwa ndani ya kikombe, ncha zikiwa chini. Mkasi ni wa upande wa shina.

"Mkono wako mwepesi kuliko wa Ghafoor," anamwambia binti huyo kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nakugombeza. Kukubembeleza sina muda."

Cha kusikitisha ni kwamba miaka yote hiyo yeye mwenyewe hajachora chochote.

"Ghafoor alinikataza," anaeleza. "Alisema fundi akionja utamu wa kuchora, brashi nzuri zote atajiwekea yeye. Nikatii. Sasa naona nilitii kupita kiasi."

Jumatatu ijayo ataketi sakafuni darasani na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo hicho, ajifunze kuchora. Mwalimu amekubali, ila amemwonya kwamba mwezi wa kwanza mzima ni mistari mitupu, pumzi ikiwa imebanwa, mpaka mkono utulie.

"Lakini Mama Mdogo, mpaka baridi iishe hutakuwa umefika kwenye sura ya mtu," Areeba anamwambia.

"Sura ya mtu ya nini, mwanangu?" anajibu Bi Shamim. "Nataka mstari mmoja ulionyooka, utoke mkononi mwangu, niuone. Baada ya hapo, jicho liende."