Moyo Uliokosa Moto

Beldina alikuwa mfinyanzi wa Ilesi, na ukimweleza jambo kwa vyungu na kuni alilishika upesi. Daktari wa Kakamega, mwaka ule wa kwanza baada ya bendera mpya kupandishwa, hakuhitaji kurudia.

"Kila chembe ya moyo ina jiko lake dogo," alimwambia. "Chakula unakula, kuni zipo, lakini moto haushiki vizuri. Kwa hiyo moyo unachoka, na maji yanajaa miguuni."

"Na vidonge hivi vitauwasha?"

"Hapana. Vinamhimiza tu ng'ombe aliyechoka aendelee kuvuta jembe. Dawa ya kuuwasha moto wenyewe bado inatafutwa. Ukianza kutapika, rudi haraka, dawa itakuwa imezidi. Na usibebe mimba tena, mama. Itakuua."

Vidonge alivificha ndani ya chungu chenye ufa, kwa kuwa vile vya kwanza mama mkwe wake, Navalayo, alikwisha kuvitupa chooni. "Mwenye miguu minono hivyo anaumwa na moyo?" alicheka. "Uvivu hautibiwi hospitali."

Asubuhi moja Beldina alitapika kando ya rundo la udongo. Navalayo alimwona, akatua ndoo, akapiga kigelegele.

"Mama Khalayi! Kumbe ulikuwa unatuficha! Ndiyo maana unahemahema!"

Beldina alifungua mdomo. Akiitaja dawa, ingetupwa. Akitaja katazo la daktari, mumewe Sylvanus, kibarua wa reli huko Butere, angetafutiwa mke mwingine wa kumzalia mvulana. Akaufunga.

Alichinjiwa kuku. Maji yakatekwa na wengine, udongo ukachimbwa na wengine. Tangu amzae binti yake Khalayi hakuwahi kupumzika hivyo, na pumzi ilianza kumrudia. Lakini kwa daktari hangeweza kurudi bila Navalayo kuandamana naye na kusikia kila kitu. Akaogopa kumeza vidonge, akaogopa kuviacha. Mwishowe akaviacha.

Maji yakapanda kutoka miguuni hadi tumboni. Tumbo likatuna, na Navalayo akalitangaza soko zima. Usiku Beldina alilala ameketi, ameegemea ukuta, akiivuta hewa kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

Siku moja Navalayo alimwekea kiganja tumboni.

"Mbona hachezi?"

"Si mtoto, mama. Ni maji. Moyo wangu umeshindwa. Nipeleke kwa daktari."

Kiganja hakikuondoka. Nje, wanawake wa kanisa walikuwa wakibisha hodi.

"Sylvanus anakuja Jumamosi na nguo za mtoto," Navalayo alinong'ona. "Watu wamekwisha kutuombea. Nitawaambia nini mimi?"

Akamfunika blanketi hadi kidevuni, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

"Amelala," Beldina alimsikia akisema kwa furaha. "Leo mtoto anamsumbua, anampiga mateke kwelikweli!"

Wanawake wakacheka. Beldina alijaribu kuita, lakini pumzi haikutosha kufika mlangoni.