Mume Wangu Alivunja Sheria ya Mchezo, Akamtaja Mtoto Wetu

Nina miaka 31, ni fundi cherehani hapa Kiomboi, nimeolewa miaka sita. Visa vya wenzangu huwa navisoma humu umeme ukikatika na mashine ikisimama. Leo naandika changu. Admin, naomba unifiche. Majina yote nimebadilisha.

Mume wangu ni mwalimu. Akiwa chuo Dodoma alijifunza mchezo mmoja wa hadithi akaja nao nyumbani. Hauna bodi kama drafti. Mmoja anasimulia nchi ya kubuni yenye wachawi, mazimwi na miji ya mawe, na kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hiyo hadithi. Likija jambo gumu unarusha dadu, namba ndiyo inaamua kama umeweza. Yeye ndiye msimuliaji. Tunaocheza ni mimi, Salma mwenye duka la dawa, na Yona fundi simu. Kila Jumapili tukitoka kanisani Salma na Yona wanakuja, tunakaa sebuleni mpaka jioni.

Tulijiwekea sheria zetu. Simu zinazimwa. Mtu wako akifa amekufa, unaanza na mwingine. Hakuna anayemsemea mtu wa mwenzake, hata msimuliaji. Na ya mwisho aliiomba Salma, siku Yona alipomtania kuhusu talaka yake: mambo ya kweli ya mtu hayaletwi mezani. Wote tulikubali, na mume wangu ndiye aliyeitikia wa kwanza.

Mwaka jana nilibeba mimba. Mimba ilipofika mwezi wa nane nikapata shida, nikafanyiwa upasuaji, mtoto wa kike akatoka hana uhai. Nilipozinduka nesi aliniuliza kama nataka kumwona. Nikasema hapana. Mume wangu alimshika, akampeleka kwao Ulemo, wakazika mimi nikiwa bado wodini. Jina lake tulikuwa tumelichagua wawili tu, hata mama mkwe halijui, na hapa sitaliandika.

Niliporudi nyumbani watu walikuja kunipa pole. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, Mungu atawapa mwingine." Nikamjibu, "Asante mama," nikamwongezea chai. Sikulia. Nilirudi kushona sare za shule, Jumapili tukaendelea na mchezo. Watu waliniambia nina moyo mgumu. Mimi niliona kama sina kitu chochote humo ndani, wala kigumu wala laini.

Sasa, miezi miwili iliyopita hadithi ilitufikisha chini ya mgodi wa zamani. Mtu wangu ni mwindaji anaitwa Zena, ndiye alikuwa mbele. Akamkuta bibi kizee amekaa mlangoni mwa chumba. Mume wangu akaongea kwa sauti ya yule bibi: "Humu nalea watoto waliofika duniani wakakosa wa kuwapokea. Yuko wa kike mmoja, mama yake hajaja kumtazama." Halafu akalitaja jina.

Yona hakujua kuwa jina lile ni la mtoto wetu. Akanisogezea dadu, "Rusha basi, tuone kama anakuruhusu kuingia."

Nikarusha. Namba ikaja kubwa.

Mume wangu akasema, "Mlango umefunguka. Unaingia?" Hapohapo akaanza kulia. Tangu msiba nilikuwa sijamwona akilia. Salma akanitazama, akatazama tumbo langu, akaelewa. Mimi nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha. Nilikuwa nasikia kilio chake kama redio ya jirani.

Wageni walipoondoka nikamwambia, "Umevunja sheria."

"Najua."

"Ungeniambia mimi. Siyo mbele ya watu."

Akasema, "Kila nikitaka kuanza, unaniambia una sare za kumaliza. Na mimi mwenyewe nikitaka kumtaja, sauti haitoki. Nilipokuwa yule bibi ikatoka."

Nikachukua ungo, nikachambua mchele.

Salma amesema hakai tena kwenye meza ile mpaka mume wangu aombe radhi mbele ya wote. Ananiambia, "Dada, mimi nilidhani pale ni mahali salama." Simlaumu. Yona alikuja dukani ninaposhonea, akasimama mlangoni, akaniambia, "Shemeji, nisamehe, mimi nilijua ni hadithi." Naye simlaumu. Mume wangu anasema hadithi imesimama pale mlangoni, na kwa sheria zetu hakuna wa kumjibia Zena isipokuwa mimi.

Kinachonisumbua ni hiki. Yeye peke yake ndiye aliyemwona mtoto. Mimi sijui kama alikuwa na nywele, sijui alifanana na nani. Nikisema Zena anaingia, ataniambia. Kuna siku nataka kujua mpaka mikono inashindwa kutia uzi kwenye sindano. Kuna siku naona ni dharau, mtoto wangu kuwekwa kwenye mchezo wa dadu na mazimwi.

Jumamosi iliyopita alinifuata uani. Akasema taratibu, "Nikuambie sasa hivi alivyokuwa? Bila mchezo, bila watu."

Nikamwambia, "Subiri nianue nguo."

Nikaanua moja moja, nikazikunja, hata zilizokuwa bado mbichi. Nilipogeuka alikuwa ameshaingia ndani. Hajaniuliza tena. Anakwenda kazini, anarudi, ananisalimia vizuri, tunakula. Nyumba haina ugomvi. Nahofia ameshachoka kubisha hodi.

Ndugu zangu, hasa mliowahi kuzika mtoto ambaye hamkumwona: nikubali kukaa tena mezani, au nimwombe tu tupande gari twende Ulemo? Na mtu ambaye hasikii kitu moyoni anaanzaje kumwambia mume wake, niambie?