Mwanagenzi Niliyemnyang'anya Joho

Nakiri mwenyewe, maana kambi nzima inajua na nyinyi mtasikia tu. Kismayo nilikuwa mwalimu wa shule, na hata vita vilipotutupa kambini Mombasa sikuacha kujiona mwalimu. Kwa hiyo kitabu cha picha cha Kijapani kilipotoka kwenye furushi la nguo za msaada, nilikinyakua mimi.

Maandishi sikujua hata moja, lakini picha zinataka elimu gani? Jalada la mbele lilikuwa tupu, nikawasema Wajapani kwa ubahili wao. Alasiri tatu niliwasomea watu kwa sauti ya hotuba. Kijana wa mazingaombwe anaruka juu ya mji, moto viganjani. Kila ukurasa anapungua: moto unazimika, joho linamtoka, mwisho anafagia ua wa mchawi mzee.

"Ndio sisi hawa," nikawaambia. "Tulikuwa na nyumba na mashua, leo tunafagia."

Wanawake walilia. Mungu anisamehe, nilikifurahia kile kilio.

Ndipo Bibi Mwanaesha, aliyesomesha Kurani kisiwani kwetu Chula miaka mingi, akakiomba kile kitabu. Akakishika kama msahafu, akakifungua kutoka kulia, kwenye jalada lenye picha, akafunua taratibu mbele ya wote. Kijana akaanza na ufagio. Akavishwa joho. Akaruka.

"Mchu huyu hakupoteza kichu," akasema kwa Kibajuni chake. "Alikuwa akijifunza."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, chuo cha Kurani ulisomeshwa na nani?"

Walicheka kabla sijajibu. Nusu yao tulikaa nao mkeka mmoja utotoni kule Chula, mbele yake yeye.