Mama Buyao wa Sanyuanli

Alizaliwa mwaka 1979 katika vilima vya kahawa vya Mbinga, binti wa katekista, akabatizwa Kalista. Baba yake alimlea katika kuridhika na kilichopo, na somo hilo halikumtoka. Mwaka 2012, akiwa mjane, alifika Guangzhou, China, kununua nguo za watoto za kuuza nyumbani, akapanga chumba mtaa wa Sanyuanli pamoja na Herieth, mwanamke wa Songea.

Wafanyabiashara wetu huko huchangia kontena moja la kusafirishia mali, na nafasi ya mtu ikibaki tupu humuuma kama jino bovu. Basi hukopa mali ili waijaze. Kalista nafasi yake aliiacha tupu. Wauza jumla walipomsihi achukue tu, atalipa baadaye, alijibu kwa Kichina cha sokoni, "Buyao," yaani sitaki. Wenzake wakamcheka, wakambandika jina hilo. Soko likiwa zuri, kucheka ni rahisi.

Mwaka 2023 soko la nyumbani likadorora. Figo za Herieth zikafeli akiwa amezama katika madeni, nauli hana, na watoto wake wanamngoja Songea. Kalista alizunguka kumwombea msaada, lakini fedha ya kila mmoja ilikuwa mizigo iliyo baharini au ilikuwa deni la watu. Yeye alikuwa na akiba ndogo ya kupasuliwa uvimbe wa titi. Aliogopa kufa, tena sana. Tusimpambe kwa kusema hakuogopa. Alishinda kitandani kutwa nzima, kisha akaenda kukata tiketi ya mwenzake.

Herieth aligoma kuipokea. "Dada, na titi lako?"

"Hela iliyopo inatosha mtu mmoja, mama, na wewe una watoto. Nenda."

Uvimbe ulimmaliza Kalista Kwaresima iliyofuata. Wenzake walitaka kukopa ili wausafirishe mwili, lakini alikuwa amekwisha kuwakataza angali hai: "Buyao. Nichomeni hapahapa." Thadeo, aliyemcheka kuliko wote, ndiye aliyeyabeba majivu, katika begi la mkononi.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Wapo wanaosimulia kwamba wakitaka kukopa mali husikia sauti yake ikikataa, hilo hatulithibitishi. Tunalolijua ni kwamba Herieth, ambaye bado husafishwa damu, alilipokea kasha la majivu Dar es Salaam, akalipakata. "Hata leo hajamlemea mtu," alisema, akalia. Nasi tumwige katika hili: tununue kwa kilichopo mkononi, ili mwenzetu akizidiwa tuwe na cha kumpa.