Siku Arobaini za Paka wa Stoo

Lori la vitunguu lilisimama penye mikaratusi, dereva akatoa kichwa dirishani na kumwambia Jelimo kwamba Matisi ndiyo hiyo. Jelimo akatazama kulia, akatazama kushoto. Tangu Kapsokwony alikuwa amekaa juu ya magunia na sanduku la bati magotini, na kila lori liliposhusha watu na kupakia wengine, lugha iliyozungumzwa karibu naye ilibadilika. Alikuwa ameambiwa kwamba Kitale ni mji. Alichokiona ni mapaa ya mabati yaliyobanana, mtaro wa maji ya sabuni, na mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai kando ya barabara, kuku wakiyanyemelea.

Ilikuwa Februari mwaka 1986. Jelimo alikuwa amepata kazi ya ualimu katika shule ya msingi ya karibu, na mjomba wake alikuwa amemtafutia chumba kwa mama mmoja Mbukusu aliyefanya kazi katika stoo ya mahindi. Jina la mama huyo ni Wilkista Nakhungu, lakini mjomba alimwonya asiulizie jina hilo. Aulize Mama Edah.

Akamuuliza mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi.

"Mama Edah wa paka?" Mwanamke akacheka mpaka akaweka mkono kifuani. "Pita hapo, mwalimu. Nyumba ya mwisho. Ukisikia harufu, umefika."

Mama Edah alikuwa amechuchumaa mlangoni akichambua omena. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana, na vumbi la mahindi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi moja, kama mtu aliyezeeka upande mmoja tu.

"Wewe ndiye mwalimu? Karibu. Chumba iko," alisema. "Lakini iko na mtu."

Jelimo akauliza ni mtu gani. Mama Edah akasukuma mlango shubiri moja. Katika kona, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, juu ya leso iliyochakaa, alilala paka wa kijivu mwenye mistari. Tumboni pake walijipanga watoto wanne, macho yamefumba, hawazidi viazi vidogo kwa ukubwa.

"Huyo amezaa Alhamisi. Mzazi hahamishwi kabla ya siku arobaini. Wewe utalala pale kwa kitanda, yeye hapo kwa kona. Usifagie hiyo kona. Na usiwaangalie sana watoto. Akijua wanaangaliwa, atawabeba."

Jelimo alingoja Mama Edah acheke. Hakucheka.

"Alizalia hapa?"

"Alizalia stoo. Nilimleta Ijumaa."

"Si basi umeshamhamisha, Mama?"

"Mimi nilimkimbiza," alisema Mama Edah, akirudi kwenye omena zake. "Kukimbiza si kuhamisha."

Hesabu ya arobaini haikuwa ya kwao. Aliiokota kwa mkunga mmoja Mwislamu wa mjini Kitale, akaipenda, akaifanya yake, kama watu wanavyofanya mahali ambapo kila mmoja amekuja na desturi zake na hakuna aliyefika na za kutosha. Yeye mwenyewe alizaliwa Bumula na kuolewa Myanga. Mumewe alivuka mpaka kwenda kununua ng'ombe, akarudi baada ya miaka minne bila ng'ombe na akiwa na mke mwingine. Mama Edah aliwapikia chakula cha jioni. Kesho yake alifunga nguo zake, akaja Kitale wakati wa mavuno, na mavuno yalipokwisha hakuondoka. Sasa alikuwa na miaka tisa katika stoo ya Wabwile, akipepeta na kuchagua mahindi. Akiuma punje moja alijua kama mahindi yamekauka, na akiweka sikio kwenye gunia aliwasikia fukufuku, wale wadudu wa nafaka, wakila ndani. Wabwile, ambaye naye alikuwa mtu wa Bungoma, hakununua mzigo wowote kabla Mama Edah hajauma.

Mambo ya paka yalianza mwaka uliotangulia. Panya walikuwa wengi, Wabwile akaweka sumu, na paka wa stoo akala panya aliyekula sumu. Aliacha watoto watatu. Mama Edah aliwapa maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa, wakafa mmoja mmoja kwa muda wa siku tano, wa mwisho mkononi mwake, mchana, wanawake wenzake wakila chakula. Mwaka huu paka mwingine alipozaa nyuma ya magunia, na Wabwile akatangaza kwamba Jumamosi ya wiki itakayofuata ataweka sumu tena, Mama Edah alitia mama na watoto ndani ya gunia na kuondoka nao.

Stoo ilionekana kutoka mlangoni kwake. Haikuzidi hatua mia mbili. Lakini paka akiona njia, atarudi, na hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo Mama Edah alilibeba gunia akazunguka nalo Matisi nzima, akapita kanisani, akapita kisimani, akazunguka mti mmoja mara tatu, gunia likilia njia yote. Ndiyo maana muuza ndizi alicheka.

Jelimo alivumilia wiki moja. Mlango uliachwa wazi kidogo ili paka atoke kwenda haja na kurudi, na asubuhi na jioni Mama Edah alimletea ugali uliovurugwa na omena. Harufu ilizidi. Jelimo alilelewa katika nyumba ambayo mgeni wa wiki ya kwanza hujulikana kwa ufagio wake, na kila alipoona ile leso kwenye katoni, iliyokauka kwa damu ya uzazi na mkojo, aliona haya, kana kwamba uchafu ule ni wake.

Jumamosi shule haikuwepo. Mama Edah alikwenda stoo mapema. Paka alipotoka, Jelimo aliwainua watoto mmoja mmoja akawaweka kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaifua leso kwa sabuni ya unga, akafagia kona, akaisugua sakafu kwa maji ya moto. Kisha akatandika leso yake mwenyewe, mpya, aliyopewa na mama yake siku ya kuondoka, na kuwarudisha watoto juu yake. Alifurahi. Alifikiri jioni atashukuriwa.

Paka alirudi, akanusa, akapiga chafya. Akaizunguka katoni. Kisha akamshika mtoto mmoja kwa ngozi ya shingo akatoka naye. Jelimo alidhani anampeleka juani. Paka aliporudi na kumchukua wa pili, Jelimo alianza kuwa na wasiwasi. Alipomchukua wa tatu, Jelimo alimfuata. Paka hakuzunguka kanisa wala kisima. Alikata moja kwa moja katikati ya nyumba, mkia juu, akaingia chini ya mlango wa stoo.

Ndani, Wabwile alikuwa amekunja mikono ya shati na kuinamia karai. Alikuwa akikoroga ugali uliochanganywa na unga wa omena na sumu, kwa kijiti, uso ameugeuza pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Mnunuzi alikuwa amemrudishia magunia kumi na manane yaliyotobolewa, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

"Mama Edah," Jelimo alisema, akihema. "Amewarudisha."

"Nani?"

"Mzazi. Niliosha ile leso."

Mama Edah alikuwa ameshika ungo. Aliitazama mikono ya Jelimo, ambayo vidole vyake vilikuwa bado vimekunjamana kwa maji.

"Uliosha," alisema. Akauweka ungo chini. "Bosi, ngoja kidogo. Paka iko nyuma ya magunia na watoto yake."

"Si ulipeleka mbali?" Wabwile alisema bila kuinuka. "Ulizunguka na yeye Matisi yote kama mtu anapeleka bibi harusi!"

Wanawake wakacheka.

"Imerudi."

"Basi itakula na panya pamoja. Mama, mimi nauza mahindi ama nauza paka?"

"Ngoja mpaka Jumatatu."

"Jumatatu lori inakuja. Panya haijui kungoja, bana."

"Hata hii siku moja tu?"

"Hata dakika. Shika ungo yako."

Mama Edah alijipangusa mikono kwenye leso. Akainama, akalishika karai kwa pande mbili kama anavyoshika karai la mahindi yaliyooshwa, akatoka nalo nje. Choo kilikuwa nyuma ya stoo, na ndani wote walisikia vitu vikianguka shimoni. Aliporudi, aliliweka karai mbele ya Wabwile, mdomo chini.

Wabwile alisema maneno mawili ya Kibukusu ambayo Jelimo hakuyaelewa, ila aliona wanawake wakiinamisha nyuso. Kisha akageukia Kiswahili, ili kila mmoja apate.

"Toka. Na usirudi hapa."

"Natoka. Wacha nichukue wageni wangu."

Kati ya magunia na ukuta palikuwa na nafasi ya kiganja. Mkono wa Mama Edah uliingia mpaka kwenye kiwiko ukakwama. Akajaribu upande wa pili, ukakwama tena. Jelimo akavua sweta, akalala kifudifudi sakafuni na blauzi yake nyeupe ya shule, akaingiza mkono mpaka begani. Alipapasa vumbi, akapapasa mavi ya panya, akapapasa kitu cha joto. Paka akamuuma kidole gumba mpaka kwenye mfupa. Hakuutoa mkono. Aliwatoa watoto wote watatu, na wa mwisho alipotoka, mama alimfuata akilia mpaka mlangoni.

Kabla ya kuondoka, Mama Edah alichukua gunia bovu akalijaza takataka za sakafuni: makapi, vumbi, punje zilizooza. Wabwile akauliza anaiba nini.

"Hii uchafu ni yangu. Mimi ndiye nimefagia miaka tisa."

Nyumbani aliimwaga takataka ile yote kwenye kona aliyoisugua Jelimo. Alilitandika lile gunia juu yake, akasugua ukuta kwa leso yake ya kazini, akawaweka watoto wanne pamoja. "Sasa hapa ni stoo," alisema. Paka, aliyekuwa amewafuata watoto wake, alinusa gunia, akanusa ukuta, akajizungusha, akalala.

Jelimo alilala na fukufuku kwenye mto wake wa kulalia. Wakati mwingine alipiga chafya mbele ya darasa la tatu, na watoto wakaitikia chafya zake kwa pamoja, kama wimbo. Hakuna aliyemgombeza nyumbani. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

Wabwile alinunua sumu nyingine, na Jumatatu akaiweka. Siku zilizofuata panya walitoka stoo wakiyumba kama walevi, wakafa mitaroni na kwenye njia. Hao ndio Mama Edah aliowaogopa, kwa kuwa paka anayenyonyesha ana njaa wakati wote. Sasa hakuwa na kazi. Asubuhi alitembea na jembe akifukia panya kutoka mlangoni pake mpaka barabarani, na baada ya hapo aliketi kizingitini akiwapukuchulia majirani mahindi, mguu mmoja umeuzuia mlango. Paka aliwekewa jivu la kuendea haja kwenye kipande cha bati. Hakutoka tena.

Macho ya watoto yalifumbuka siku ya kumi na mbili. Siku ya ishirini na nane mmoja alikula omena, akatapika, akala tena. Majirani waliocheka walianza kupita wakiuliza kama kuna dume. Mama Edah aliwajibu kwamba mzazi hajatoka ndani.

Mwezi Machi Wabwile alikuja mwenyewe. Stoo yake ilikuwa ikinuka. Panya walikuwa wamefia katikati ya magunia mahali pasipofikika. Alikaa kwenye kiti cha Jelimo, kofia magotini.

"Mama Edah, hasira imeisha. Tangu uende nimenunua mahindi mabichi mara mbili. Rudi Jumatatu. Na hawa paka ulete, naona wamekua."

"Ile sumu?"

"Nilifagia."

"Nyuma ya magunia pia?"

Wabwile alijikuna shingo. "Nyuma ya magunia ni nyuma ya magunia. Nani atatoa magunia mia tatu?"

"Basi kunywa chai," alisema Mama Edah, na hawakulizungumza tena.

Wabwile alipokwenda, Jelimo alimwambia Mama Edah arudi kazini peke yake, yeye atabaki na paka.

"Wako na miguu, mwalimu. Si uliona ile njia inawachukua muda gani?" Alikuwa akiosha vikombe. "Bumula kwa binti yangu Edah kuna ghala ya wimbi, na panya huko hawajawahi kuona sumu."

"Niachie hata mmoja, Mama."

"Wewe nakupenda. Lakini unaosha sana."

Aliondoka siku ya arobaini na moja, asubuhi, kwa pikapu ya fundi aliyekuwa akipeleka viti Bungoma. Miaka yake yote ya Kitale iliingia kwenye furushi moja na sufuria mbili. Watoto walikuwa kwenye katoni iliyotobolewa matundu, mama yao ndani ya gunia ili asiione njia. Muuza ndizi alileta kichane, akasema safari hii paka atazunguka mpaka achoke, na Mama Edah naye akacheka.

Pikapu iliponguruma, paka alirusha miguu ndani ya gunia kwa nguvu za kutosha kuliangusha. Mama Edah alilikumbatia kifuani, akaibana katoni kwa magoti. Jelimo alipunga mkono kutoka kando ya mtaro. Mama Edah hakupunga, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi; alimtazama tu Jelimo, na alipofika kwenye mikaratusi akainamia gunia akawa anasema nalo.