Tiki Kumi na Mbili za Tarehe Ishirini

Kila asubuhi, kabla hajapanda mashine ya kukatia nyasi, Shangazi alifanya mambo kumi na mawili, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona akiishia kumi na moja. Alichomoa kofia ya plagi ili injini isije ikawaka mikono yake ikiwa chini. Alivuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena, kwa kuwa mara ya kwanza kijiti hudanganya. Alibonyeza matairi kwa kidole gumba. Alikagua visu, bolti, mkanda, breki. Alikwangua nyasi zilizogandamana tumboni mwa mashine. Kisha alizunguka viwanja vya chuo akiokota mawe, vifuniko vya chupa na, siku moja, seti nzima ya meno ya bandia, ambayo mwenyewe hajajitokeza mpaka leo. Mwisho alikaa, akawasha, akajinyanyua kidogo kitini. Chini ya kiti kuna swichi, na kazi yake ni moja tu: dereva akinyanyuka, injini izimike na visu visimame.

Wenzake waliiita mashine ile Mheshimiwa, kwa sababu ilioshwa kila siku, ilikunywa vizuri, ilifanya kazi kwa saa tatu tu, na ikikohoa tu watu wanakuja mbio.

Yeye alikuwa shangazi wa kweli wa mtu mmoja, mtoto wa kaka yake; wengine walimwazima jina. Ni Shangazi aliyemwingiza mpwa huyo chuoni, kama mfagiaji, akamfundisha kunoa visu na kubadilisha oili. Kijana akasoma jioni, akaondoka, akarudi na shati jeupe na cheo cha Msimamizi wa Mazingira. Siku ya kwanza alimwamkia shikamoo mbele ya watu wote, na Shangazi akaitikia kwa sauti iliyofika jikoni. Siku ya pili alimletea fomu.

Fomu ilikuwa na mistari kumi na miwili, ukaguzi wake uleule, na safu thelathini na moja za tarehe. Ilitakiwa kufika ofisi kuu kila tarehe mosi. Shangazi alidhani ni fomu ya mwezi uliokwisha.

"Hapana," mpwa akasema. "Ya mwezi unaoanza. Aliyekuwapo kabla yangu aliwahi kuchelewesha, akaandikiwa barua. Sasa tunawahi."

"Nitajuaje leo tairi litakuwaje tarehe ishirini na saba?"

"Shangazi, wewe tia tiki. Ila badilisha kalamu kila baada ya siku chache, isionekane imejazwa kwa mkupuo."

Akatia tiki. Mia tatu sabini na mbili, kwa kalamu nne, kisha sahihi. Mwezi wa pili, kwa mazoea, alizijaza safu zote, na ofisi kuu ikapokea taarifa kwamba tarehe thelathini Februari mashine iliamka salama. Ikagongwa muhuri wa Imepokelewa, na mpwa akasaini chini ya muhuri kwamba amewasilisha. Hawakurudisha swali. Shangazi aliisimulia hadithi hiyo kila walipokaa kunywa chai, na watu walicheka, naye akacheka zaidi yao. Ukaguzi wenyewe hakuuacha hata siku moja. Fomu ilikuwa ya ofisi, ukaguzi wa mashine, na hakuona hivyo viwili vitakutana wapi.

Tarehe kumi na moja ya mwezi mmoja wa mvua alijinyanyua kitini na injini ikaendelea kunguruma. Akakaa, akanyanyuka tena. Visu vilizunguka vilevile, kama havijasikia. Akaenda ofisini na grisi mikononi.

"Swichi ya kiti imekufa."

Mpwa aliinua macho kwenye simu. "Imekufa kabisa?"

"Ipo ya kufa nusu?"

"Basi ngoja tuelewane. Fomu ya mwezi huu iko kule na inasema swichi ni nzima mpaka tarehe thelathini. Nikiomba swichi mpya leo, wataniuliza wewe uliona nini tarehe mosi. Tuvumilie hadi mwezi ujao. Fomu mpya tunaandika mbovu, swichi inakuja, hakuna aliyeumia."

"Na hizi siku zilizobaki?"

"Si unaendesha wewe? Zima kwa ufunguo kabla hujashuka."

Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na Shangazi ndiye aliyempeleka shule. Akaanza kuzima kwa ufunguo, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Tarehe kumi na nane binti yake akajifungua mji wa pili. Akaomba ruhusa ya siku nne, akampa mpwa ufunguo mkononi. "Asipande mtu," akasema. "Nani apande, Shangazi?" akajibiwa.

Tarehe ishirini wageni wa wizara walipiga simu kwamba wanakuja kesho yake, na mvua ilikuwa imezichipusha nyasi upya. Mpwa alimpa ufunguo mkata ua wa michongoma, mwanamume mtaratibu mwenye watoto wanne, ambaye mkasi wake haukuwa na swichi. Hakumwambia lolote kuhusu kiti. Karibu na goli la kusini kamba ya wavu ikanasa chini ya mashine. Mkata ua aliwahi kusikia watu wakisema mashine ile hujizima ukinyanyuka. Akashuka, akainama kuivuta. Injini kubwa ya umeme wa chuo ilikuwa inanguruma pembeni. Hakuweza kusikia kwamba zinanguruma mbili. Mkono wa kulia ukapoteza vidole vitatu.

Shangazi alirudi tarehe ishirini na mbili. Chini ya kiti aliikuta swichi mpya inang'aa, ile ambayo isingeweza kupatikana hadi mwezi ujao.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na swali lake lilikuwa moja: kosa ni la mashine au la mkata ua. Likiwa lake, anaondoka bila chochote. Usiku wa kuamkia kikao mpwa alikuja nyumbani kwa shangazi yake, akakataa kiti, akaongea akiwa amesimama.

"Sema ulikagua asubuhi ile, ikawa nzima. Fomu inasema hivyo. Yeye ndiye aliyeingiza mkono. Tunapona sote."

"Sote wangapi?"

"Mimi na wewe, Shangazi. Ukisema hukuwapo, wewe ndiye uliyeghushi. Sahihi ya ukaguzi ni yako. Yangu ni ya kuwasilisha."

Hakulala vizuri, ila alipoingia kikaoni alikuwa amekwisha kuamua. Mwenyekiti alimsogezea fomu. Safu ya tarehe ishirini ilikuwa na tiki kumi na mbili za wino wa kijani, nzuri, zenye mkia.

"Hizi ni zako?"

"Ni zangu. Nilizitia tarehe mosi. Tarehe ishirini nilikuwa hospitali, nimempakata mjukuu. Na swichi ilikufa tarehe kumi na moja. Msimamizi nilimwambia."

Mpwa aliulizwa. Alisema kwa heshima zote kwamba shangazi yake amechoka, na kwamba hakumbuki mazungumzo hayo.

Walikwenda wote kuijaribu mashine. Mwenyekiti alipanda yeye mwenyewe, akanyanyuka, na injini ikazimika kama iliyofunzwa adabu. Baada ya wiki ikaja barua. Kamati ilimpongeza Shangazi kwa ukweli wake na ikamfukuza kazi kwa kughushi kumbukumbu. Ikaeleza kwamba fomu imefutwa kwa kuwa ni batili, na kwa kuwa imefutwa, hakuna maandishi yanayoonyesha kwamba mashine ilikuwa mbovu. Kwa hiyo mkata ua alijiumiza kwa uzembe wake. Msimamizi alishauriwa kuwa makini zaidi.

Jumapili Shangazi alikwenda nyumbani kwa mkata ua. Alimkuta amekaa ukumbini, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko, mtoto akimfunga vifungo vya shati. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, na hakusogea.

"Tumesikia ulisema ukweli," mke akasema.

"Nilisema."

"Kwamba swichi ilikuwa mbovu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na moja."

Mke alihesabu kimyakimya, midomo ikicheza. "Siku tisa," akasema. "Na hapa si mbali. Watoto wangu wanapita getini kwenu kila asubuhi wakienda shule. Ungewaambia hata hao."

Shangazi alifungua mdomo kueleza habari ya ufunguo, ya kamba ya kiatu, ya maneno aliyomwambia mpwa. Kutoka ndani mkata ua alisema kwa upole, "Mkaribishe basi, Mama."

"Ameshafika," mke akasema, na akarudishia mlango taratibu, bila kuubamiza.