Mama Mchapaji na Kitufe cha Ghairi

Sikiliza, wewe unayejifunza kuandika programu. Ondoa mkono kwenye mausi kidogo nikusimulie. Si jambo gumu, na ukilielewa mara moja hutalisahau.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kompyuta zilizokwisha tumika zilipoanza kushushwa Kariakoo kutoka Dubai. Nyuma ya Mtaa wa Msimbazi palikuwa na duka la kuchapa kadi za harusi. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa hapahapa mjini, mtu wa haraka. Mchapaji wake alikuwa mama wa makamo, bingwa wa taipu, aliyeajiriwa pamoja na mashine yake mwenyewe. Mimi niliwaandikia programu ya kutunza majina ya waalikwa na kuyachapa kwenye kadi, moja baada ya nyingine.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, nilipita kuwasalimu. Nikamkuta yule mama amesimama mbele ya kompyuta, mikono kifuani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Majina yamekwenda, mwanangu. Yote.”

Nikatazama. Programu ilikuwa wazi, lakini orodha ilikuwa tupu. Siku tatu alikuwa akiandika majina hayo, na mwenyekiti wa kamati ya harusi angefika saa sita kuchukua kadi. Vikaratasi alivyonakilia majina vilikuwa vimeshatumika kufungia vitumbua.

“Tangu Jumatatu anaitukana kompyuta,” alisema mwenye duka. “Leo kaamua kuifutilia mbali!”

“Sijafuta kitu, bosi. Nilitaka kubonyeza Chapa, kishale kikaruka.”

“Kikaruka! Kina miguu?” Akaonyesha ile taipu kwenye kona. “Mama, saa sita ikifika majina hayapo, beba mashine yako, mwende nyote wawili.”

Mama alikaza kanga kiunoni.

Nilimwomba anieleze polepole vidole vyake vilifanya nini. Akasema kishale kiliruka kikatua kwenye Fungua. Niliamini, maana kigololi cha chini ya mausi za siku zile, kinachosogeza kishale, kilikuwa kimejaa vumbi la mtaa. Dirisha la kuchagua faili likatokea. Yeye hakutaka faili nyingine, kwa hiyo akabonyeza Ghairi.

“Nilikosea?” akauliza.

Hakukosea. Hapo ndipo nilipoona kosa lilikuwa langu. Mbonyezo wa Fungua nilikuwa nimeuandikia maagizo haya: safisha orodha iliyopo, kisha onyesha dirisha la faili, kisha pakia faili iliyochaguliwa. Nilidhani kila anayefungua dirisha lazima achague. Mimi, mtoto wa Kariakoo! Kila siku mteja anashika kitenge, anauliza, anasema “nakuja,” anaondoka. Hakuna muuzaji anayetupa mzigo wa zamani jalalani kwa sababu mteja ameulizia mpya. Programu yangu ilifanya hivyo hasa.

“Tusipoteze muda,” alisema mwenye duka akiinamia meza. “Ifunge, uiwashe upya.” Akashika mausi.

“Usiguse, bosi!”

Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia. Faili kwenye diski ilikuwa bado na majina yote, yaliyohifadhiwa programu ilipofungwa jana yake jioni. Lakini nilikuwa nimeiagiza programu, kila ikifungwa, iandike kwenye diski kile kilichopo kwenye kioo. Kwenye kioo hapakuwa na kitu. Tena nilikuwa nimeifanya ijaze kioo kizima ili watu wasichezee mengine, na mlango pekee wa kutokea ulikuwa kitufe cha Funga. Kishale kilikuwa juu yake, na kwa mausi ile inayorukaruka sikuthubutu kukisogeza hadi Fungua niipakie faili upya.

Nikapiga magoti nyuma ya maboksi ya karatasi kutafuta soketi.

“Unachomoa?” Mwenye duka alinishika bega. “Si wewe uliyetukataza? Ulisema diski inaweza kufa!”

“Inaweza. Lakini tukifunga, majina yatakufa kwa hakika.” Nilijua nikichomoa kimyakimya, lawama zitabaki kwa mama. “Na kabla sijachomoa, bosi, jua kosa ni langu. Mama alibonyeza Ghairi, ndiyo sahihi. Programu yangu ndiyo iliyomwaga majina.”

Nikachomoa. Kioo kikazimika. Nikahesabu hadi kumi, nikachomeka. Diski ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Mama alikuwa amefumba macho.

Programu ilipofunguka, jina la kwanza lilitokea, la pili, kisha ukurasa mzima.

Mama akafumbua jicho moja. Akavuta kiti, akakaa kwa madaha. “Bosi,” akasema, “sasa nani abebe mashine yake aende?”

Mwenye duka alijikuna kichwa. “Chapa, mama, chapa. Saa sita hiyo.” Kisha akanigeukia. “Na wewe fundi hutoki humu mpaka urekebishe.”

Nilirekebisha siku ileile, kadi zilipokwisha kutoka. Wala usiogope, ni kuhamisha mistari michache tu. Kwanza onyesha dirisha la faili, usubiri jibu. Mtu akighairi, rudi ulipokuwa bila kugusa chochote. Akichagua, soma faili mpya mpaka mwisho, ndipo uondoe ya zamani. Sasa washa programu yako, jaza majina matatu, bonyeza Fungua, kisha Ghairi, uhesabu kama majina bado ni matatu.